Wiki ya Mwisho Moshi Kabla ya Kuhamia Tabora

Barua ya uhamisho ilitoka mwishoni mwa Novemba, shule zikiwa zinakaribia kufungwa. Niliomba kumfuata mwenza. Baba watoto yuko Tabora tangu mwaka jana, na jibu lilipokuja halikunisubiri nijipange. Kila niliyempa habari aliniuliza swali lile lile: umeshaanza kufunga mizigo? Nilijibu bado, na nilikuwa na sababu. Nimeona walimu wenzangu wengi wakihama. Wanaanza na maboksi, nyumba inavurugika wiki nzima, sufuria ya kupikia haijulikani iko wapi, siku mbili za mwisho wanakimbizana na ofisi, na watu waliowafaa kwa miaka wanaagwa kwa simu basi likiwa limeshapita Makuyuni. Mizigo ya nyumba ya vyumba viwili inafungwa kwa siku moja ukiwa na vijana wawili wenye nguvu. Watu na mahali vinahitaji muda. Kwa hiyo nilipanga kinyume na wengi: watu na mahali kwanza, ofisi katikati, mizigo mwisho kabisa.

Kila jioni niliandika kidogo kwenye daftari. Naweka hapa, anayejiandaa kuhama naye apate pa kuanzia.

Jumamosi, Desemba 7

Binti yangu amezaliwa Moshi na amemaliza darasa la nne hapa. Anaujua mji kwa njia za mtoto: shule, sokoni, kanisani, kwa rafiki zake Majengo. Nilitaka siku ya kwanza aone mji ulikoanzia, basi tukapanda daladala ya Old Moshi.

Ukishapita Kiboriloni barabara inaanza kupanda na hewa inabadilika. Joto la mjini linabaki nyuma, migomba inakaribia barabara pande zote mbili, na watu wanaopanda njiani wanasalimiana kwa Kichagga na gari zima. Tulishuka tukauliza njia ya kwenda kwenye mti wa Mangi Meli, yaani chifu Meli. Hakuna aliyeshindwa kutuelekeza.

Moshi ya mnara wa saa na stendi ni mji wa reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1911 ikaishia tambarare, na biashara pamoja na ofisi za Wajerumani zikashuka kuifuata. Kabla ya hapo Moshi ilikuwa huku juu, kwa Mangi Rindi, yule ambaye wageni walimwita Mandara, kisha kwa mwanawe Meli. Mwaka 1892 watu wa Meli waliwapiga Wajerumani, na kamanda wao von Bülow akafa katika vita hiyo. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakamshinda. Machi 2, 1900, wakamnyonga kwenye mti huo, pamoja na wenzake 18. Familia inaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, mzee Isaria Meli, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kukidai. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu wa baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa kule, na mojawapo ni la akida wa Meli. La Meli mwenyewe bado linasubiriwa.

Nilimweleza binti yangu haya yote tukiwa tumesimama pale. Sikupunguza kitu, maana ana umri wa kuelewa. Aliuliza kama waliomnyonga walijua kwamba ana watoto. Nikamwambia walijua. Kisha akauliza kwa nini shuleni wanasoma majina ya Wajerumani waliopanda mlima wakati jina la huyu yeye hajawahi kulisikia darasani. Mimi ni mwalimu, na swali hilo linanihusu moja kwa moja. Nimeahidi nitakapofika Tabora nitatafuta masomo ya namna hii ya kule, ya Mtemi Mirambo na Isike, niyafundishe kwa kuwapeleka watoto mahali penyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mkungu wa ndizi alisimama. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu. Mmetoka wapi?" Nikamwambia tunakaa mjini, na Jumamosi ijayo tunahama. Akamwangalia binti yangu akasema, "Ukifika huko wakikuuliza, sema umetoka kwa Meli." Akaendelea na njia yake.

Jumapili

Ibadani jina langu lilisomwa kwenye matangazo na kwaya ikaniimbia. Katika KKKT msharika anayehama hupewa barua ya kumtambulisha kwenye usharika anakokwenda, na mzee wa kanisa wa mtaa wetu alikuwa ameshaifuatilia kabla sijamkumbusha. Barua hii iombwe mapema. Wengi huiacha, wakafika ugenini wakakaa miezi wanaingia na kutoka kanisani bila mtu kuwajua, na akiugua mtoto hawana hata jumuiya ya kuja kuwaona.

Mchana tukapanda Uru kumuaga bibi aliyemlea binti yangu. Wakati ule alikuwa anakaa mjini kwa mwanawe, jirani yangu, na kila asubuhi nilimwachia mtoto nikaenda kufundisha. Baadaye akarudi kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani. Bila yeye nisingeweza kazi.

Tulimkuta anamkatia ng'ombe shina la mgomba. Kihamba chake si kikubwa, lakini hakuna mahali palipokaa bure. Miringaringa iko juu inatoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na magimbi yamejipanga kando ya mfongo, yaani mfereji wa maji. Maji ya mfongo yanatoka mtoni huko juu, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu ya bibi ni alfajiri, na katika umri ule bado anaamka na jembe kwenda kufungua. Ukingo ukibomoka, ukoo mzima unaitwa kuzibua. Niliwahi kuwafundisha wanafunzi umwagiliaji kwa kuchora ubaoni, na mchoro wangu hauwezi kuonyesha jinsi yule bibi anavyoyasikiliza maji na kujua kwamba juu kuna mtu ameziba.

Nilimwomba jambo moja: anifundishe mtori wake mwanzo hadi mwisho, nisiondoke na ule wa kukisia. Akafurahi sana. Alichagua mshare, ndizi ya kupika, ambao haujaanza hata kidogo kuiva, akapaka mikono mafuta ili utomvu usigande, akakata ncha mbili za ndizi, akapasua ganda kwa urefu na kulibandua kwa kidole gumba. Kila ndizi iliyomenywa ilikwenda moja kwa moja kwenye maji. Mbavu za ng'ombe zilikuwa zimeshachemka na chumvi na kitunguu hadi nyama inaachana na mfupa. Aliitoa nyama, akatia ndizi kwenye supu ile ile, akafunika kwa jani la mgomba na kuweka kifuniko juu ya jani. "Usifunue funue," akaniambia. Ndizi zilipolainika kabisa akaziponda kwa mwiko humo humo sufuriani, polepole, akiongeza supu kidogo kidogo, kisha akarudisha nyama na kijiko kimoja cha samli. Ulikuwa mzito kiasi cha kunyweka kwenye kikombe. Ndio mtori alioniletea nilipojifungua.

Alitaka kunipa chipukizi la mshare nikapande Tabora. Nilimshukuru nikamweleza kwamba kule mvua ni ya msimu mmoja na jua ni kali, halafu maofisa kilimo wanakataza kuhamisha miche ya migomba ovyo kati ya mikoa, kwa sababu magonjwa husafiri nayo. Alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Akaingia ndani akatoka na mfuko wa unga wa ndizi na mwingine wa ulezi.

Mpakani mwa kihamba kuna mimea ya masale. Binti yangu alinyoosha mkono kuchuma jani, bibi akamzuia kwa upole akamweleza: hili halichumwi kwa mchezo, ukilipeleka kwa mtu unakuwa unaomba msamaha, naye hawezi kukukatalia. Tulipoagana alimshika mtoto kichwani akamwombea kwa Kichagga. Mimi nilisikia "aika", asante, tu, na machozi yalinitoka.

Jumatatu, Desemba 9

Sikukuu ya Uhuru, ofisi zimefungwa. Tulikwenda mlimani.

Kuna jambo linalonisikitisha kwa sisi tunaokaa Moshi. Tunaamka na kilele cha Kibo kila asubuhi, tunaijua ikiwa wazi na ikiwa imejificha, tunapiga picha mbele yake siku za harusi, na wengi wetu tunaondoka au kufa bila kukanyaga msitu wake. Tunadhani ni wa wageni. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno kulinganisha na cha mgeni. Unachotakiwa kuwa nacho ni kitambulisho cha taifa, viatu imara, koti la mvua na mwongozaji mwenye leseni. Wetu alikuwa jirani yetu, kijana aliyeanza kama mpagazi akapanda hadi kuwa mwongoza watalii. Alikataa malipo. Nilimlazimisha achukue ya nauli na chakula.

Daladala hadi Marangu Mtoni, kisha gari jingine hadi getini, mita 1,879 juu ya usawa wa bahari. Tukafika mapema, kikundi cha wageni kikijiandaa kwenda kileleni, na hapo binti yangu akaona kitu ambacho picha za mlima hazionyeshi: mizani. Kila mzigo wa mpagazi unapimwa. Kikomo ni kilo 20, ukiacha vitu vyake mwenyewe. Vijana walipanga mstari, mahema, mitungi ya gesi, meza, viti, mayai. Jirani yetu alimweleza kwamba wageni wanapofika kambini wanakuta hema limesimama na chai ni ya moto, kwa hiyo mpagazi anaondoka nyuma yao na kufika mbele yao. Binti yangu ana rafiki ambaye baba yake anafanya kazi hiyo. Alikaa kimya muda mrefu akiwatazama.

Getini kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, aliyefika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller Oktoba 6, 1889, na kuna ya waongozaji wenyeji, akiwemo Yohani Kinyala Lauwo wa hapa Marangu. Tulisoma zote mbili kwa sauti.

Njia ya kwenda kituo cha Mandara inapita ndani ya msitu saa tatu hivi kwa mwendo wa mtoto. Miti ni mikubwa, matawi yamefunikwa na kuvumwani inayoning'inia na kudondosha maji hata mvua isiponyesha, na chini kuna vijito vinavyokatiza njia. Jirani yetu alitusimamisha kwenye kijito kimoja. "Haya ndiyo maji mnayokunywa mjini." Akaeleza kwamba msitu huu ndio unaokamata ukungu na mvua, maji yanazama ardhini, yanatokea chini kwenye chemchemi na mito, yanaingia kwenye mifongo na kwenye mabomba. Watu wakizungumzia maji ya Kilimanjaro hufikiria theluji. Kazi kubwa inafanywa na msitu. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nakwenda kulipa ankara yangu ya mwisho ya maji, na kwa kweli nililipa nikiwa na fikra nyingine.

Mbega waliruka juu yetu, mikia yao myeupe mirefu ikiwafuata. Walikuwa saba au nane, na mmoja alikuwa na mtoto.

Mandara ni mita 2,720. Nyumba za mbao zenye paa lililoshuka hadi karibu na ardhi, ukungu, baridi ya kutafuta kofia. Tulikula chapati na mayai. Jirani yetu akakumbusha tarehe: usiku wa kuamkia siku kama hii mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa huko juu na bendera na Mwenge wa Uhuru. Pale tulipo mpaka kileleni, mita 5,895, ni zaidi ya mita 3,000 za kupanda, tena usiku, na vifaa vya wakati ule. Binti yangu amesema atafika siku moja. Nimemwambia asiache Tabora imsahaulishe.

Watu walinishauri maporomoko ya Materuni au kuogelea kwenye chemchemi ya Chemka badala ya huku. Ni pazuri kote, na mwenye siku nyingi aende kote. Lakini mwenye siku moja ya mlima aingie msituni.

Jumanne

Siku ya ofisi. Miguu inauma. Naandika yenye faida tu.

Shule ya mtoto: mwalimu mkuu hushughulikia uhamisho, na kila mwanafunzi wa msingi ana namba ya PREM ambayo ndiyo inayomhamisha kwenye mfumo. Iandike mahali pawili. Hakikisha shule unakokwenda imekubali kumpokea kabla hujaondoka, kwa sababu ukishakuwa mbali unamtegemea mtu mwingine akumbuke. Matokeo ya upimaji wa darasa la nne yatatoka mwakani, yatamfuata.

Hospitali: binti yangu ametibiwa kifua KCMC tangu akiwa mdogo. Niliomba muhtasari wa matibabu yake, dawa alizotumia na vipimo, ukiwa na mhuri. Bima inafanya kazi popote, lakini daktari mpya hajui historia ya mtoto. Nimepiga picha kila karatasi.

Maji: niliomba namba ya malipo ya ankara ya mwisho, nikalipa, nikaweka risiti kwenye bahasha ya mwenye nyumba. Umeme: yuniti za LUKU zinabaki kwenye mita, haziendi na mtu, kwa hiyo wiki ya mwisho nunua kidogo kidogo. Na kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawaliulizi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, maana yake mpangaji ndiye anayekatwa kila mwezi anaponunua umeme wakati kodi ni ya mwenye jengo. Nilikuwa nimeweka ujumbe wote wa manunuzi. Tulikaa na mama mwenye nyumba, tukajumlisha kwa simu yake, akanirudishia bila maneno. Ni mama muungwana.

Serikali ya mtaa: barua ya kueleza kwamba nahama na kwamba vyombo vilivyoorodheshwa ni vyangu. Dereva wa fuso aliisisitiza, hasa kwa kuwa anasafiri usiku na njiani atasimamishwa. Mwenyekiti alikuwa msibani. Nilimfuata huko huko, nikatoa rambirambi, nikarudi naye jioni akaandika.

Ofisi moja, ambayo siitaji, ilinizungusha madirisha matatu kwa karatasi iliyokuwa mezani kwa mtu wa kwanza. Imepita.

Jumatano

Asubuhi stesheni. Binti yangu alitaka kujua kama Tabora kuna treni, na nilifurahi kumjibu: reli ilifika Moshi 1911, na mwaka uliofuata, 1912, reli ya kati ikafika Tabora. Miji miwili tunayohama kati yake ilifikiwa na reli karibu wakati mmoja. Treni ya abiria ilipotea Moshi kwa miaka mingi hadi iliporudi Desemba 2019, na nakumbuka watu waliokwenda kuipokea wakiwa wamevaa nguo za sikukuu.

Kisha kahawa. Miche ya mwanzo ya mlimani ililetwa na wamisionari wa Kilema mwaka 1898, na mwaka 1925 wakulima walianzisha chama chao cha kwanza ili wasinyang'anywe haki ya kuilima wenyewe. Kutoka humo ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, mwaka 1933. Shule ngapi za mkoa huu zilijengwa kwa pesa ya kahawa, na wangapi wamesomeshwa kwa gunia moja la bibi yao! Kwa miaka mingi kahawa ya nchi nzima ililetwa Moshi kunadiwa. Na bado nyumba nyingi hapa zinakunywa chai. Tuliingia kwenye mgahawa wa KNCU, nikamwonyesha binti yangu buni mbichi na iliyokaangwa, nikanunua pakiti za zawadi kwa majirani wa Tabora nisiowajua bado. Kwenda kwa jirani mpya na kitu mkononi kunarahisisha salamu ya kwanza.

Alhamisi

Madeni. Niliamka nikaandika orodha ya kila mtu ninayemdai na kila anayenidai, na nikaanza na wanaonidai.

Duka la kona ya nyumba yetu, ambalo mwenyewe tunamwita Mangi, lina daftari la kurasa za mistari lililopasuka mgongo. Alilifungua kwenye ukurasa wangu. Mkate, sukari robo, kiberiti, vocha, maziwa, mkate. Nyingine zimekatwa kwa kalamu nyekundu, nyingine bado. Aliweka kidole kwenye kila mstari na kunisomea, na mistari miwili akaikata mwenyewe akisema hiyo ni ya mtoto, achana nayo. Nilipomaliza kulipa alifunga daftari, akachukua pakiti ya biskuti akampa binti yangu. Mtu huyu alinikopesha unga mwezi ambao mshahara ulichelewa, na hakuwahi kunitumia mtoto kunikumbusha.

Fundi cherehani wa soko la Memorial nilimlipa iliyobaki, nikachukua sare mpya. Mama wa mboga Mbuyuni hakuwa ananidai kitu, nilikwenda kumuaga tu. Akanifungia mnafu na nyanya za njiani.

Kikoba chetu kinavunjwa Desemba, na nawashauri wanaohama wapange wakijua hili: ukiondoka kabla ya mgawo hakikisha hisa zako zimesomwa mbele ya wanachama wote na mhazini ameandika namba yako ya simu. Wanachama walikuja kwangu jioni. Wakasoma hisa, wakahesabu, wakaniambia mgawo utatumwa wakishakusanya marejesho ya mwisho. Kisha wakatoa khanga. Tulicheza hadi saa nne usiku, na mama mwenye nyumba akaja kucheza nasi.

Vitu: kabati kubwa nimeliuza, mtungi wa gesi nimemuuzia jirani kwa sababu sitaki gesi kwenye fuso lenye safari ndefu. Vitabu vya hadithi nimevigawa kwa shule. Nguo za mtoto zilizombana nimempa rafiki yake, yule ambaye baba yake ni mpagazi.

Ijumaa

Mizigo. Vijana wawili walikuja saa moja asubuhi, saa tisa kazi ikawa imekwisha.

Gari nililipata kwa njia ninayoipendekeza kwa yeyote. Mafuso yanaleta mchele kutoka Nzega, Igunga na Shinyanga, yanashusha huku na mara nyingi yanarudi matupu. Nenda wanaposhushia mchele, zungumza na dereva mwenyewe, utapata bei ambayo dalali hawezi kukupa. Tulikubaliana nusu mwanzo na nusu Tabora, na kwamba atatutangulia hadi Nzega kwake, kisha twende pamoja. Friji lilisimamishwa wima likafungwa kamba kwenye bodi. Magodoro kwenye nailoni. Sahani nilizifunga ndani ya mashuka na khanga, sikununua hata boksi moja la ziada. Begi la nyaraka halikupanda gari, liko begani kwangu.

Tulifagia, tukapiga deki, mama mwenye nyumba akakagua nikamkabidhi funguo. Tukalala kwake.

Jumamosi, Desemba 14

Basi la Mwanza, saa kumi na moja alfajiri. Stendi ilikuwa imejaa kuliko kawaida, lakini waliokuwepo walikuwa wanashuka. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, mabasi ya Dar es Salaam yanamwaga watu na mabegi na watoto waliolala mabegani. Sisi tulikuwa tunaondoka wenzetu wanarudi, na kwa kweli niliumia. Mlima ulikuwa umefunikwa.

Arusha, Makuyuni, Babati. Hapo Katesh, chini ya Hanang, bado kuna alama za tope la Desemba 2023 lililoshuka mlimani na kuua watu. Dereva alipunguza mwendo na abiria mmoja akasali kwa sauti. Tulipokuwa tunaondoka Katesh simu ikaingia, mhazini wa kikoba: mgawo umetumwa. Nilihesabu, umetimia.

Singida tulikula kuku, nikanunua mafuta ya alizeti. Binti yangu alishangaa miamba. Tukateremka Sekenke, tukapita Igunga na majaruba yake, na kadiri tunavyokwenda ardhi ikawa tambarare, joto likapanda, miembe ikaanza. Saa kumi na moja jioni tukashuka Nzega. Baba yake alikuwa anasubiri kando ya barabara, fuso limeegeshwa nyuma yake, friji bado liko wima, na dereva anataka tuondoke kabla giza halijaingia.